Ukungu wa Hoteli Yako Katika Picha ya Mama Yangu

Ndugu Meneja,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa kivulini. Mimi ni yule mgeni wa chumba namba kumi na nne, mwenye miwani minene na kofia pana, niliyefika na mama yangu Jumamosi ya juzi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa sayansi. Habari za mvuke kugeuka maji nimezifundisha miaka ishirini na sita, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na mtu asiyejua anachosema.

Tulisafiri siku mbili kuja huko kwenu kwa jambo moja tu. Mama na dada yake, yaani mama yangu mkubwa, walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja. Chanzo ni cherehani, na hilo tuliache. Mwaka huu mama mkubwa alilegeza moyo, akakubali kuja hotelini kwako aonane na mdogo wake. Mama akaniomba kitu kimoja: picha yao wawili ya kutundika sebuleni. Nikanunua kamera mpya ya kidijitali. Sasa picha hakuna, mama mkubwa kaondoka kanuna, na mama mzazi ananijibu kwa kuguna. Malalamiko yangu ni haya:

1. Joto lenu limepita kiasi. Saa nne asubuhi shati lilikuwa limenigandia mgongoni kama stempu. Kamera yenyewe iliandika kwenye kioo chake kwamba imezidiwa na joto, ikajizima. Niliionea wivu.

2. Hewa yenu imejaa maji. Soksi nilizoanika Jumamosi nilizifungasha Jumatatu zikiwa mbichi.

3. Kiyoyozi cha mapokezi kinafaa kuhifadhia nyama. Mtu anaingia amelowa jasho, dakika mbili meno yanagongana.

4. Mhudumu wenu wa vyumba, yule mama mwenye sauti ya kuamrisha, aliichukua kamera yangu kabla sijatoka chumbani, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo kama kiporo. Eti ikitoka kwenye baridi ya chumbani na kukutana na joto ghafla itatoa jasho, kwa hiyo ikae barazani nusu saa ndani ya mfuko ndipo niifungue. Nilimweleza kuwa mimi ni mwalimu. Akasema basi mwalimu asubiri. Nikasubiri, lakini si barazani, jamani! Nilikaa mapokezi chini ya kiyoyozi, kamera ikabaki nje na yeye.

5. Nusu saa ilipotimia nikatoka, nikawapanga mama na dada yake ukutani, nikafyatua. Kutazama picha, ukungu mtupu! Watu wawili kama wamezama kwenye uji. Nikamwachia yule mama wa vyumba kamera, nikarudi mapokezi kupoza hasira, nikatoka, nikapiga tena. Ukungu. Mara nane, Ndugu Meneja! Mama mkubwa ana miaka themanini na nne, na jua lilikuwa utosini. Mara ya nane alitamka maneno nisiyoweza kumwandikia mtu nisiyemzoea, akaita teksi. Mama akanigeukia akasema kazi moja tu alinipa. Yaliniuma sana hayo. Nina miaka sitini na mbili, na nililia bafuni kwenu.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mpunguze joto la nje. Ikishindikana, kiyoyozi kihamishiwe uani ili ndani na nje palingane. Yule mhudumu apewe onyo. Na zaidi ya yote, mwandikieni mama mkubwa barua yenye muhuri, mkiri kwamba kosa ni la hali ya hewa ya hoteli, si la mtoto wa mdogo wake. Simu zangu hapokei. Muhuri atausikiliza, maana alikuwa karani wa posta.

Nisalimie watu wa mapokezi, mpishi, na mlinzi aliyenishikia mwavuli. Yule mama wa vyumba usimsalimie.

Wako mwenye jasho na heshima,
Mwalimu Mstaafu, Chumba Na. 14

Tanbihi: Kamera sikuwa nimeigusa tangu siku ile kwa hasira. Leo, nikielekea posta, nimeipitisha kwa fundi wa kusafisha picha aone kama kuna cha kuokoa. Picha zote nane ni safi kabisa. Fundi akaniuliza nilikuwa nimekaa wapi kabla ya kupiga. Nikamweleza. Akanivua miwani, akaipulizia pumzi, akanivisha tena. Ukungu ule ule! Miaka ishirini na sita nafundisha, Meneja, kumbe nilichopaswa kukitia kwenye mfuko ni kichwa changu. Tafadhali futa namba moja hadi tano, na yule mama msalimie sana. Barua naituma hivi hivi kwa kuwa stempu nimeshaibandika. Katika picha ya nane, mama na dada yake wameshikana mikono, na kwa mikono iliyobaki wote wawili wananinyooshea vidole. Nimerudi nayo nyumbani, mama kaipenda hiyo hiyo, kamtumia dada yake kwa simu. Mama mkubwa kapiga saa nane mchana. Sasa ni saa kumi na bado wanaongea, na kisa chote ni mimi.