Ufunguzi wa Kituo cha Kupashana Bei za Mbolea, Songea, 1996

Waheshimiwa madiwani, mapadri, masheikh, wafanyabiashara wetu watukufu Bwana Bakili na Bwana Kajetani mliokaa kwenye viti, na ninyi wakulima wa Bombambili mliokaa chini. Mimi Sixbert, Mratibu wa Mradi, nawasalimu kwa jina la soko huria! (Makofi kwenye viti.)

Zamani, ndugu zangu, kabla sijaleta transparensi, mabwana hawa wawili walishindana ovyo kama majogoo, huyu akishusha bei ya mbolea asubuhi, yule anashusha jioni, na mkulima anahangaika hajui anunue wapi. (Sauti: "Tulijua!") Nikawaketisha, nikawaelekeza wapashane infomesheni, na leo bei ni moja, nayo imepanda kwa utulivu wa asilimia tisini! (Minong'ono.)

Mfano hai ni Mama Benigna, yule pale. Alikataa bei ya Bwana Bakili, akamnong'oneza kwamba akibanwa sana atauza mbuzi. Alipovuka barabara kwenda kwa Bwana Kajetani, hata hajasalimia, akaulizwa, "Na yule mbuzi, mama, unamuuza lini?" Huo ndio ufanisi! Simama, mama, utoe ushuhuda.

(Mama Benigna anasimama. "Shikamoo, mheshimiwa. Mbuzi nimeuza, nikapata nusu mfuko. Mahindi shambani yamekuwa ya njano, watoto wanakula mara moja kwa siku. Zamani nikikataa huku, kule walinibembeleza. Sasa nikikataa huku, nimekataliwa kote.")

Ahsante kwa takwimu, mama. Njano imo hata kwenye bendera yetu. (Hakuna anayecheka. Mama Benigna anawageukia wenzake: "Jamani, na sisi twendeni tukapashane. Tuchangishane, tukodi lori, mbolea tukainunue wenyewe Makambako." Wakulima wanainuka.) Kaeni chini! Wafanyabiashara wakipashana ni maendeleo; wanunuzi mkipashana ni njama! (Uwanja unabaki na viti.)

Soko huria! (Bwana Bakili: "Oyee!") Bei moja! (Bwana Kajetani: "Idumu!") Kwa hayo machache, nawashukuru mliobaki, na natamka kwamba Kituo hiki nimekifungua rasmi. Ramani yake itachorwa fungu likipatikana, jengo litafuata. Kwa sasa naomba tutawanyike upesi, maana kiwanja ni cha Bwana Bakili, na ametuazima hadi saa sita tu.