Mahari ya Gari Namba 27

Mwaka ule kahawa ilipopanda bei, watu wa Muleba walianza kuulizia magari, na Zahoro wa Bilele, dalali asiyewahi kumiliki hata baiskeli, akaanza kuyapata. La kwanza alilipata mnadani: jipu chakavu lililowahi kuwa la zahanati, milioni tatu. Pesa hizo hakuwa nazo. Alikuwa nazo mkewe Salma, muuza samaki, na zilipopungua Zahoro akauza friza mbili za Salma za kuhifadhia samaki, akiapa kwamba mwezi hautaisha kabla hajamrudishia nne.

Jipu likapakwa rangi nyekundu na kuvishwa matairi mapana. Ekzosi ikatobolewa ili lingurume, na ubavuni ikabandikwa namba 27. Namba moja ingeonekana uongo, na Zahoro alikuwa mtu wa kiasi. Sasa lilikuwa gari la mbio za porini.

Akaja Ma Kokuhirwa, mjane wa Kilutheri mwenye shamba kubwa la kahawa huko Muleba, pamoja na binti yake Violeth. Akalizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akakaa kwenye benchi, akalipapasa kwa kiganja. Zahoro akadhani amekwisha kunasa. Akamsimulia jinsi gari lilivyoshinda mbio za jangwani, tena likiwa na dereva mmoja tu, Mzungu mpole.

"Mama, huyu ni binti yangu," akamalizia, akiligonga gari bodi. "Simuuzi, namwoza."

"Basi tutakuja kuposa, waitu," akajibu mjane kwa heshima ya kwao.

Zahoro alicheka. Jumamosi hakucheka. Wazee wanne wenye kanzu na makoti waliteremka Bilele na mkungu wa ndizi, kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, na msemaji wao Mzee Buberwa, aliyekwisha kuwaposea vijana kumi na wanane bila kukataliwa hata mara moja. Majirani wakatoka kushuhudia. Kahawa ikatafunwa. Buberwa akaeleza kwamba kwao mahari huandikwa kifungu kwa kifungu, hivyo baba ataje.

Baba akataja. Heshima ya ushindi wa jangwani, milioni ishirini. Injini ya mashindano, kumi na mbili. Kutopita mikono mingi, sita. Gari lenyewe, ili hesabu ikae sawa, mbili. Jumla arobaini. Akangoja kubishiwa, maana moyoni alikuwa tayari kushuka hadi kumi. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Hapo mwenye akili angekimbia. Lakini Zahoro, maskini, alikuwa ametega watu maisha yake yote na hakujua mtego unaonekanaje kwa ndani. Wakampa milioni mbili za kuanzia. Zilizobaki, kama ilivyo desturi, zingefuata bibi harusi akishazoea kwao. Mbele ya majirani wote wale, baba gani angekataa? Karatasi ikasainiwa, kadi ya gari ikatoka, gari likaenda Muleba. Zile mbili zikaishia kwenye kodi ya ofisi na suti mpya, kwa sababu mtu wa milioni arobaini hakai kibarazani.

Mwezi ukaisha. Salma akawa anauza samaki wa asubuhi tu, na jioni waliobaki anawagawa kwa majirani kabla hawajaoza. Kila usiku alimwekea Zahoro chakula kama kawaida, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Akavaa suti yake, akaenda Muleba.

Walimpokea kama mkwe hasa, wakamlisha akashiba. Kisha Ma Kokuhirwa akaleta ile karatasi na kalamu. Fundi wao hakuona injini ya mashindano, akasema, akafuta kumi na mbili. Chini ya rangi nyekundu walikuta maandishi ya zahanati. Akafuta ishirini, akafuta na sita.

"Zimebaki mbili, mkwe, na tulishakupa."

Zahoro, jasho likimtiririka ndani ya suti, akamuuliza mjane kama alilitambua gari tangu siku ile ya kwanza.

"Violeth huyu nilimzaa kwenye benchi lile," akasema mama, "njiani mlimani, mvua inanyesha. Kwangu mimi lina thamani kubwa kuliko hizo mbili. Ila bei uliandika wewe."

Wakamfungashia beseni la sato wabichi, heshima ya mkwe. Alifika Bilele mchana, jua kali. Salma akafunua beseni, akawasifu samaki kwa unono wao, kisha akamuuliza mumewe, kwa upole kabisa, watawaweka wapi.