Halua ya Bei Poa, Mtendeni

Jumatatu, 5 Juni 1967
Saleha amepita barazani kwangu bila kusimama. Kikapuni, halua ya Muhanna, mpinzani wangu wa Chemchem! Zamani mjane huyu alinunua kwangu kila Ijumaa, akaonja palepale, akafumba macho. Ninavyomtamani, hata sufuria huungua nimesimama mbele yake. Dada yangu Bimdogo anasema halua ya Muhanna mbaya, maneno yake ndiyo matamu. Upuuzi. Biashara ni bei! Nashusha, tena sana. Watarudi wote, naye atarudi.

Jumatano, 7 Juni
Umati! Kisha Mzee Omari akavua viatu, akaketi mkekani, akaanza Yasini. Wenzake wakafuata. Kumbe Mtendeni nzima imeamua kwamba halua ya bei ile haiuzwi, ni ya hitima. Wamesoma, wamekula, wamenipa pole. Marehemu ni nani, hakuna aliyeuliza. Niliona haya, nikaitikia amina. Saleha naye kaleta ubani, kaniambia nijikaze. Sauti ile! Sikumwambia kwamba hajafa mtu.

Ijumaa, 9 Juni
Mbinu mpya: ubora. Zafarani, lozi, samli ya Puge, bei juu. Nimetundika kibao: Halua ya Wenye Hadhi. Hajaja mtu. Tangu Azimio, mwenye hadhi gani atajitokeza hadharani? Mwenyekiti wa tawi kakisoma kibao taratibu, kisha kanisoma mimi. Nimekishusha. Redio inahimiza kujitegemea. Mimi sitaki kujitegemea, namtaka Saleha.

Jumapili, 11 Juni
Amekuja! Kaagiza sinia nne, wala hakuomba apunguziwe. Nikauliza kuna shughuli gani. Akainamisha macho, akasema Alhamisi anaolewa na Muhanna, na bwana harusi hapiki halua ya harusi yake. Akakiri kwamba yangu haina mfano. Basi kwa nini alinihama? Akasema Muhanna akimwona humuuliza ameamkaje. Mimi humuuliza anataka robo au nusu.

Ijumaa, 16 Juni
Harusi imepita. Sinia zimerudi tupu. Nimelia jikoni, nikasingizia moshi. Bimdogo kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimeelewa sana! Kosa lilikuwa umbali. Nimepanga chumba Chemchem, mkabala na mlango wao. Nafungua kesho asubuhi, na kwa bei ile ya Jumatano, Muhanna ataweza wapi?