Vipando Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 16 Juni

Emiliana mke wangu,

Nina hofu. Nakuandikia wewe kwa sababu hujawahi kunisahihisha kwa kalamu nyekundu.

Leo darasani Mwalimu Paulina ametangaza. Jumatatu ijayo ndiyo mwisho. Kila mwanafunzi wa mafunzo ya zabibu alete vipando vyake, vijiti vya mzabibu alivyopanda kwenye viriba vya plastiki, vikiwa na mizizi. Asiyeleta amejitoa mwenyewe. Na mrithi aliyejitoa, shamba lake chama chetu cha wakulima kinampa anayesubiri. Sheria hii unaijua, ulikuwepo walipoipitisha. Shamba la marehemu lisikae mikononi mwa asiyejua kulitunza, maana ugonjwa wa mizabibu hauulizi mpaka. Ulinyoosha mkono kuunga mkono. Hukujua kwamba mrithi ni mimi.

Anayesubiri ni Nikodemo. Mhehe yule yule, mtani wetu, aliyekaa katikati ya njia siku ya mazishi yako akasema jeneza halipiti mpaka apewe soda. Watu wakacheka huku wanalia. Alipewa. Akaomba na ya pili.

Kila Jumatatu tunatakiwa tuonyeshe tulipofikia. Mimi sijaonyesha hata mara moja. Si kwamba sikupanda. Nilipanda wiki ile ya kwanza. Viko nyuma ya jiko, nimevifunika gunia, navimwagilia kila asubuhi kwa kikombe chako cha bluu. Ila havijachipua. Nitapelekaje vijiti vitupu mbele za watu? Nasubiri vipendeze kwanza.

Nikodemo yeye alipeleka vyake vikiwa vinanuka. Mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu: maji mengi mno. Mtu mzima, mbele ya darasa, naye anacheka. Wiki zilizofuata vikawa na majani.

Leo aliniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, mtani, hivyo vipando vyako ni mwali? Mbona umevifungia ndani? Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu Paulina hakucheka. Aliniangalia tu. Afadhali angecheka.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata mpango. Kuumwa.

Mgonjwa hadaiwi kazi. Nikiumwa wiki hii, nitaongezewa muda, vipando vitachipua, nitavipeleka vimependeza, kwisha.

Nilimwomba Sila ampigie mwalimu simu. Huyu binti yako umemwachia ulimi wako wote. Akaniambia, baba, hata sisi kidato cha tatu malaria ya uongo tuliiacha, siku hizi wanataka cheti. Nikamwambia apige tu. Alisimama uani akasema baba anaumwa sana. Nilimpa ishara asiseme sana. Baadaye akanijibu kwamba uongo ukishaanza hauna kipimo.

Mwalimu alisema pole. Kuhusu muda hakusema neno. Nimeshindwa kumaliza ugali.

Alhamisi, 19 Juni

Aibu. Darasa zima limekuja kunijulia hali.

Nilisahauje? Mimi na wewe tumeshakwenda kwa wagonjwa wangapi hapa Hombolo, wewe na unga kichwani, mimi nyuma na kuku kwapani? Nikadhani mimi nikiumwa watakaa kwao?

Nilikuwa nyuma ya jiko namwagilia. Nikasikia hodi, hodi wenye nyumba, sauti nyingi. Nikaingia mlango wa nyuma, nikajitupa kitandani, nikavuta blanketi hadi kidevuni. Nikaanza kukohoa. Malaria haina kikohozi, lakini ndicho kilichokuja.

Mwalimu Paulina akaniamkia shikamoo kwa heshima zote. Binti mdogo kama Sila. Nikaitika marahaba na meno yanagongana. Hapo sikuwa naigiza.

Nikodemo akanishika paji la uso. Akawatangazia wenzake kwamba joto limeshuka, ila lazima tujue limeshukia wapi. Akafunua blanketi upande wa miguuni. Mabuti yangu ya mvua. Tope bichi. Akasema tusiwe na wasiwasi, mgonjwa ameshajiandaa, hospitali atakwenda kwa miguu yake mwenyewe.

Wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Kisha wakaniombea hata hivyo. Wakaacha sukari na machungwa. Sukari yenyewe naiogopa, naona kama inanitazama.

Mwalimu alibaki nyuma. Akasema kwa upole kwamba angependa kuviona vipando. Nikamwambia bado havijawa vya kuonyeshwa mtu. Akasema, Baba Sila, vilete vilivyo, hata kama vimekufa, kilichokufa nacho kinafundisha.

Nilijivutia blanketi tena. Akisema vimekufa, vitakuwa vimekufa kweli. Chini ya gunia hakuna aliyesema hivyo bado. Nakumbuka benchi lile nje ya wodi yako. Kabla daktari hajatoka, nilikuwa nahesabu kwamba unapona. Ningeweza kukaa kwenye benchi lile mpaka leo.

Ijumaa, 20 Juni

Nimekwenda mjini, kwa Faizan, duka la pembejeo. Mpango mpya: dawa ya kuharakisha mizizi.

Kitu cha kwanza aliuliza habari zako. Mama hajambo? Mkasi aliochukua unakata vizuri? Hakuwa na habari. Ikabidi nimweleze, pale kwenye kaunta, kati ya mabomba ya kupulizia dawa. Aliacha kumhudumia mteja. Akasema Inna lillahi, akanitolea kiti. Akasema ulikuwa mteja pekee aliyekuwa akimrudia kumwambia dawa yake imefanyaje kazi, hata ikishindwa. Hasa ikishindwa.

Nilikaa kidogo. Kisha nikakumbuka hofu yangu, nikamwambia shida.

Akakuna ndevu. Akasema, mzee wangu, dawa ya wadudu ipo, ya ukungu ipo, ya kuchelewa kiwanda bado hakijatengeneza. Akaniuliza mwalimu ameviona vipando hivyo? Nikasema bado. Akauliza, sasa mimi nitatibu mgonjwa ambaye daktari wake hajamwona? Akanishauri nivipakie niende navyo moja kwa moja kwa mwalimu, leo leo.

Ushauri mzuri. Nilirudi nyumbani nikavifunika gunia la pili, kwa sababu ya baridi.

Jumamosi, 21 Juni

Mpango wa tatu, na huu ni wa akili. Sila asijue.

Mizabibu yako ina matawi machanga. Nikikata vichipukizi vyenye majani, nikavichomeka kwenye viriba ubavuni mwa vijiti vyangu, nikafunga kwa uzi wa kijani, nani atajua? Mwalimu ataona majani. Mwenye majani ana mizizi. Ndivyo mtu yeyote angefikiri.

Lakini ilibidi niende shambani. Sijakanyaga kule tangu tukuzike. Sikukuambia hilo. Nilikuwa nikifika kwenye mchongoma nakumbuka kazi nyingine nyumbani.

Nilikwenda. Vitambaa vya kanga yako kuukuu bado vimefungwa kwenye nyaya, kila mzabibu uliokuwa ukiuuguza uliufungia kimoja. Upepo wa Juni unavipeperusha.

Halafu nikaona kitu cha kutisha zaidi. Shamba ni safi. Halina jani la magugu. Na kwenye mstari wa mwisho, Nikodemo, ameinama, anamwagilia mizabibu yetu!

Nikajua. Anajizoesha. Mtu hajapewa shamba ameshaanza kulizoea.

Hata hakushtuka. Akaniambia, mtani umefufuka? Akasema, magugu yako yakiota yataniletea ugonjwa kwenye kipande changu cha jirani, ndiyo maana napita pita. Kisha akaacha utani ghafla, na Nikodemo akiacha utani anaogopesha. Akasema, lete vijiti vyako nivione kabla ya Jumatatu, mimi vyangu vilioza, najua kidogo.

Nikamwambia vyangu havina shida yoyote, vimechipua vizuri. Akatazama mkasi mkononi mwangu. Akatazama vichipukizi kwapani. Akasema haya, akarudi kwenye ndoo yake.

Jumatatu, 23 Juni

Emiliana, imekwisha. Au karibu.

Nilifunga viriba kwenye baiskeli. Alfajiri vilipendeza, hata mimi nilisadiki. Kufika darasani, upepo umefanya kazi yake. Majani yote yamelala kama masikio ya mbuzi mgonjwa.

Mwalimu Paulina akaniamkia. Akachukua kiriba kimoja. Akavuta uzi wa kijani taratibu, kichipukizi kikaanguka. Akang'oa kijiti chenyewe, akapangusa udongo kwa kidole, akakitazama kwa muda. Akachukua cha pili. Cha tatu.

Akaniuliza, Baba Sila, upande uliochongwa mshazari uliuweka wapi?

Nikasema chini, kwenye udongo. Ndivyo ninavyochonga miti ya uzio maisha yangu yote, iingie ardhini.

Akanionyesha macho ya kile kijiti, pale machipukizi yanapotokea. Yote yanatazama chini. Nimevipanda kichwa chini miguu juu, vyote, na nimevinywesha maji miguuni kwa kikombe cha bluu.

Nikodemo alijaribu kujizuia. Alishindwa. Alikaa chini kabisa, akawa anauliza kama kwetu watu wanazikwa kichwa chini.

Mwalimu akasubiri anyamaze. Akaniuliza nilipanda lini. Nikasema ukweli, wiki ya kwanza. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, wala si kwa hasira. Akasema, baba yangu, ungevileta Jumatatu ile ya kwanza, ningevigeuza hapa hapa, kabla chai haijapoa. Leo vingekuwa na mizizi. Akasema zile kazi za kila Jumatatu si mtego. Akaniambia, mimi nikiona kosa mapema, ni dogo. Likikaa gizani, linakula miezi yako. Siku ya mwisho nimeiweka ili lisikae gizani milele.

Niliitikia kwa kichwa. Nilielewa kila neno.

Kisha akasema sheria ni sheria, akamgeukia Nikodemo mbele ya wote. Uko tayari kulichukua shamba la marehemu Emiliana?

Nikodemo akasimama, akajipangusa vumbi. Akasema yuko tayari. Shamba ni zuri, mizabibu ina afya, na amechoka kulibebea maji bila kuambiwa asante. Niliona vitambaa vyako vikifunguliwa kimoja kimoja.

Akaendelea. Ila yeye harithi kwa mtu aliye hai, wasije watu wakasema Mhehe kamla mtani wake. Baba Sila apewe Jumatatu moja. Apande upya, alete alichonacho. Asipoleta, akasema, nalichukua shamba, na yeye nitamwajiri awe mlinzi wangu, mabuti anayo.

Mwalimu akafikiri. Akakubali. Jumatatu tarehe 30, mara moja tu, hakuna nyingine. Mizizi haitakuwepo kwa wiki moja, na yeye haitaki. Anataka kuona tu. Akasema vikiwa vimekauka, nilete. Vikiliwa na mbuzi, nimlete mbuzi.

Nilimshukuru Nikodemo. Alisema hataki asante, anataka soda.

Jumapili, 29 Juni

Nimepanda upya. Macho yote yanatazama juu, Sila amekagua kimoja kimoja. Nimekuwa mtu mwingine, Emiliana. Nimeelewa kabisa faida ya kuonyesha kazi mapema. Kosa likiwa dogo ndipo linapotibika. Hata kanisani leo nilimweleza jirani niliyekaa naye, akasema nimesema vizuri kuliko mhubiri.

Kesho ndiyo siku.

Jioni hii nimekwenda kuviangalia. Kimoja kimeinama. Kingine kina doa la kahawia karibu na jicho, sijui ni la nini, na sipendi linavyonitazama. Udongo wa viriba viwili umepasuka juu. Kwa kweli havijapendeza.

Nimewaza sana. Mwalimu ni mwema, lakini kwa nini nimpe huzuni ya kuona doa? Nikodemo naye atasema nini juu ya hicho kilichoinama? Nipewe wiki moja tu zaidi. Au mbili. Vitoe jani, hata moja, kisha nitavipeleka vyote kwa furaha, na kila mtu atafurahi.

Kuumwa sitarudia. Watakuja.

Nimemwambia Sila apige simu asubuhi, aseme nimekwenda Kibaigwa, nimefiwa na shangazi. Sila akauliza shangazi yupi. Nikamwambia mmoja wa mbali. Akaniangalia kama ulivyokuwa ukiniangalia wewe, akasema, baba, wakisikia msiba si ndiyo watakodi gari? Na shamba la mama je?

Mtoto haelewi mambo ya watu wazima. Kibaigwa ni mbali, na kila mtu ana shughuli zake.

Samahani kwa kumtaja marehemu asiyekuwepo. Nimechagua shangazi ambaye hatukuwa naye, ili asiumie mtu. Nimevifunika vipando gunia vizuri, baridi isivipate.

Huko uliko, mke wangu, nikumbuke.

Eliakimu wako