Ubao wa Matangazo Ubaki Mlangoni pa Mashine

Kwa Ndugu Afisa Elimu wetu mpya,

Salamu nyingi, na ukizipokea zipanguse kidogo, maana zinatoka kwa mtu aliyejaa unga hadi kwenye kope.

Kabla sijalalamika, ujue kwanza unaandikiwa na nani. Mimi ni mtu mwenye bahati iliyozidi kipimo. Nimewahi kulala hoteli yenye lifti. Nimewahi kuangukiwa na gunia la mahindi la kilo tisini nikainuka mzima, kilichovunjika ni kitana tu mfukoni. Lakini bahati iliyozipiku zote ni hii: kati ya milango yote ya kata hii, ya maduka, ya zahanati, ya vinyozi, ofisi yako ya elimu iliuchagua mlango wa mashine yangu ya kusaga ndio uwekwe ubao wa Habari na Matangazo kwa Familia. Sikuomba. Sikubembeleza. Nilichaguliwa tu, kama wanavyochaguliwa watu wazito. Najua wewe una miezi miwili hapa, na huenda aliyekutangulia hakukuachia karatasi za uteuzi wangu. Usijisumbue kuzitafuta.

Sasa, wiki iliyopita Mwalimu Mkuu wa shule yetu aliniletea kikaratasi kupitia kwa muuza mkaa. Anadai ubao huo ni mali ya shule, eti "ulipotea" wiki tano zilizopita, na kwamba niurudishe kabla ya Ijumaa ya wiki hiyohiyo kwa sababu kuna tangazo muhimu la familia anataka kulibandika. Ndugu Afisa, kitu kinachosomwa na watu mia kwa siku kimepoteaje? Na kama tangazo ni muhimu hivyo, si alilete hapa kwenye ubao? Ana baiskeli, ana miguu, na shule imefungwa, hana wa kumfundisha.

Nikueleze na kinachonikosesha usingizi, ili usidhani napigania ubao kwa kupenda ubao. Binti yangu wa mwisho amemaliza darasa la saba. Tunasubiri orodha ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Ikishabandikwa, mzazi ana siku saba za kwenda shuleni kutia sahihi, zikipita nafasi anapewa mwingine. Dada yake alichaguliwa miaka minne iliyopita. Orodha ilibandikwa kwenye ubao huohuo, wakati huo ukiwa ukutani shuleni, mwendo wa saa moja na nusu kutoka hapa. Sisi tulisikia siku ya nane. Leo anapima mahindi kwenye mizani yangu na anajua hesabu kuliko mizani yenyewe. Sijawahi kumsikia akilalamika, na hilo ndilo linaloniuma. Huyu wa pili sikubali aje kupima mahindi. Orodha itoke nikiwa nimesimama mbele ya ubao, miwani usoni.

Kwa hiyo naleta malalamiko yangu rasmi, kwa heshima zote:

1. Ofisi yako haileti matangazo. Tangu ubao uje kwangu, wiki tano kamili, hakuna karatasi mpya hata moja! Uvivu wa namna hii sijauona hata mjini, na mjini nimekaa. Wateja wangu wanasoma matangazo yaleyale manne yaliyokuja na ubao: kikao cha wazazi, fagio za wanafunzi, mbuzi wasichungwe kwenye uwanja wa mpira, na sweta la kijani lililookotwa, halina kifungo kimoja. Watu wamelisoma sweta lile mpaka wamelikariri. Wanne wameshadai ni lao. Juzi mama mmoja, tunamwita Mama Pacha, alisimama foleni na debe kichwani akasema, "Jamani, hili sweta mimi naliota sasa." Mwenzake akamjibu, "Ukiliota tena, liulize kifungo limekiacha wapi."

2. Lugha ya matangazo ni kavu. "Wazazi wanaarifiwa." "Walezi wanakumbushwa." Wateja wengi huja bila miwani, kwa hiyo nawasomea mimi, tena kwa kupiga kelele kuishinda mashine. Huwezi kupiga kelele ukasema "walezi wanakumbushwa" halafu mtu akashtuka. Nikalazimika kuongeza chumvi. Tangazo la mbuzi nililisoma hivi: "Enyi wenye mbuzi, golikipa wetu aliteleza penye kinyesi tukafungwa mabao matatu, mna roho ya namna gani?" Tangu siku hiyo hakuna mbuzi aliyekanyaga uwanja. Kwa nini ofisi haikunishukuru? Darasa nimefika la sita na robo tu, lakini mdomo wangu una shahada.

3. Lawama zote zinaniangukia mimi. Mtu akisoma jambo asilolipenda, hamfuati Mwalimu Mkuu. Ananifuata mimi hapahapa kwenye mizani. Tangazo la fagio linasema kila mwanafunzi aje na fagio muhula ukifunguliwa. Dereva wa trekta, mtu mnene mwenye sauti kuliko trekta lake, alinikunjia ngumi mbele ya watu. "Profesa wa Pumba!" Ndivyo wanavyoniita, kwa mapenzi. "Profesa, mimi nina watoto sita. Fagio sita! Nifagie dunia nzima?" Nikamwambia, "Kaka, dunia ni chafu, anza." Watu wakacheka mpaka wengine wakamwaga mahindi. Lakini ofisi ingekuwa na huruma ingenipa kofia ya chuma.

4. Nimelazimika kutoa maamuzi ya serikali bila mshahara. Kikao cha wazazi kilipangwa Jumanne. Jumanne alfajiri mkanda wa mashine ulikatika, nami sikuweza kwenda. Sasa kikao bila mimi ni kikao? Nikalikata neno Jumanne kwa kalamu nikaandika Alhamisi, hapa mashineni. Walikuja wazazi arobaini na wawili! Shuleni, nasikia, Mwalimu Mkuu alikaa peke yake Jumanne nzima na viti vyake vya kuazima. Sisi tulipitisha maazimio matatu, nayo nakutumia uyatekeleze. Kwanza, mapacha wavae soksi za rangi tofauti, maana mmoja amechapwa kwa makosa ya mwenzake tangu darasa la kwanza. Pili, walimu wasiandike tena kwenye ripoti "anaweza kufanya vizuri zaidi". Nani hawezi? Hata Mwalimu Mkuu akipanda baiskeli tunaona anaweza kufanya vizuri zaidi. Tatu, lile sweta apewe Mama Pacha apumzike.

5. Hapa sasa naomba ukae kitako. Kama ubao unatakiwa kuwa walipo watu, na watu wapo kwangu, basi ubao uko mahali pake. Hakuna anayeweza kubisha. Na kama wazazi wanakutana kwangu, maazimio yanapitishwa kwangu na matangazo yanasomwa kwangu, shule inafanya nini kule mlimani peke yake? Si ubao uliotoka shuleni, Ndugu Afisa. Ni shule iliyoachwa nyuma na ubao. Naomba, kwa hiyo, shule ihamishiwe hapa. Nina banda la magunia linaloweza kuwa darasa la kwanza hadi la nne kwa zamu. Hesabu watajifunza kwenye mizani, na somo la afya watajifunza kwa kunitazama mimi nikikohoa. Kengele hatuhitaji, nikizima mashine kila mtu wa kata hii anajua. Mwalimu Mkuu nitampa ofisi pale tunapoweka pumba, ni pakavu, tena pana dirisha. Na mimi sitaki cheo kikubwa. Afisa Elimu Msaidizi, Idara ya Sauti, inanitosha.

Nisisahau kusema kwamba ukiamua kuuondoa ubao kwa nguvu, utakuta foleni ya watu wenye madebe, na mtu aliyesubiri zamu yake toka asubuhi si mtu wa kuchokozwa.

Nakuomba uupime huu unga wangu kwa mizani ya haki. Wasalimie wafanyakazi wote wa ofisini, msalimie mlinzi wa geti aliyenikatalia kuingia mara mbili, simdai kitu. Wasalimie na wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, uwaambie siku wakipita huku watasagiwa kabla ya foleni.

Ni mimi mwenye kukuheshimu,
Mwenye Mashine, yaani Profesa wa Pumba

Nyongeza. Hiyo ya juu niliiandika jana, Jumatano. Leo asubuhi nimempa binti yangu mkubwa aipitie kabla sijaifunga. Alicheka sana penye soksi. Alipomaliza akaikunja taratibu, akaniangalia.

"Baba," akasema, "sasa hiyo orodha wataibandika wapi, kama ubao uko hapa?"

Ndugu Afisa, niligeuka nikautazama ubao na matangazo yake yaleyale manne. Binti hakunisubiri. Akampungia mwenye pikipiki, akapanda na unga wake mikononi, wakaondoka kwa vumbi. Amerudi sasa hivi. Orodha imebandikwa tangu Ijumaa iliyopita, kwenye ukuta mtupu wa shule, kwa gundi ya unga, katikati ya matundu manne ya skurubu. Ina majina thelathini na moja, ameyanakili yote. La mdogo wake ni la kumi na nne. Ameligusa kwa kidole, anasema, kuhakikisha si wino wa mtu mwingine. Na leo, Alhamisi, ndiyo siku ya saba. Mwisho saa kumi jioni.

Nimezima mashine. Kata nzima imeshtuka. Nimesimama juu ya mizani nikayasoma majina yote thelathini na moja bila chumvi hata chembe, na kumi na tisa ni ya watoto wa watu waliokuwa humuhumu kwenye foleni au wa jirani zao. Dereva wa trekta ameshafunga tela, amepakia wazazi na madebe yao, Mama Pacha yuko mbele anapiga vigelegele kwa ajili ya watoto ambao hata si wake. Kila mtu anacheka na kila mtu anakimbia. Mdogo hajaacha kurukaruka. Dada yake ndiye anayemfunga kamba za viatu.

Kwa hiyo yafute yote, namba moja hadi tano, isipokuwa soksi. Ubao nimeupakia kwenye tela, unarudi ukutani leo hii. Ombi langu limebaki moja, na hili si mzaha: familia tisa zinazoishi ng'ambo ya mto hazijapata habari, na sioni kama tutazifikia kabla ya saa kumi. Waongezee siku mbili. Walikuwa wanakuja kwangu kusoma ubao, nami niliwaambia hakuna kitu.

Na ofisi yako haikunichagua. Ubao niliung'oa mimi mwenyewe, kwa bisibisi.