Sekunde Ishirini za Mzee Nasho

Jumatatu, 6 Oktoba

Tumerekodi jana baada ya ibada, hapa stoo ya nyumbani kwetu. Leo bado natetemeka. Si kwa baridi ya stoo, ingawa baridi ipo, na harufu ya mapipa ya kabichi ya siki ya Mama ipo pia. Natetemeka kwa sababu ya Mzee Nasho.

Nani hamwogopi? Alikuwa mchinjaji miaka arobaini. Mwaka ule wa harusi ya binamu yangu, mpiga akodioni aliingilia wimbo wake. Mzee akamtupa mtoni, yeye na akodioni yake. Akodioni ilielea. Mtu alitolewa kwa kamba.

Sasa kikundi chetu kinakwenda kwenye tamasha la mkoa. Tuko watano. Mzee Nasho anatoa wimbo. Mmoja anamjibu. Waliobaki wanashikilia sauti moja ya chini bila kukatika, wanapumua kwa zamu. Miaka kumi na tisa nimekuwa wa kushikilia. Miaka kumi na tisa ya "eeee"! Anayejibu ni Kristaq kinyozi.

Mzee amesema safari hii atachagua upya. Tumeimba wimbo uleule mara mbili, mara moja Kristaq akijibu, mara moja mimi. Atasikiliza nyumbani, peke yake, na Jumamosi atasema nani amjibu tamashani. Na nani mwenye mashine ya kurekodia? Mimi! Mwenye kisu ndiye mla nyama.

Nimekaa kwenye kompyuta tangu asubuhi. Kila palipo na jambo nachomeka kibendera kwenye kioo, juu ya mstari wa sauti, na kwenye kibendera naandika la kufanya. Vibendera vyekundu ni vya Kristaq. "Hapa Kristaq amenoga. Mzamishe." Nikifika hapo nashika kwa kipanya pembe ya mstari wa sauti yake, naiteremsha kama paa la nyumba, inafifia chini ya wenzake. Hakuna atakayejua. Vya njano ni vya Mzee, kwa kumbukumbu zangu tu. "Hapa Mzee ameanza chini, kama mbuzi mwenye mafua." "Hapa amesahau maneno, ametunga yake." "Hapa meno yake ya bandia yamegongana."

Tatizo lilikuwa mwisho wa wimbo wa Kristaq. Wote tumekata sauti pamoja, pa! Safi mno, kama shoka kwenye kuni. Ukisikia mwisho ule utamchagua Kristaq hata kama ni bubu. Nimeufifisha. Sekunde ishirini nzima, sauti zote zinakwenda zikipungua mpaka kimya, kama nyimbo za redioni. Kibendera cheusi: "Kuanzia hapa waue wote taratibu."

Kazi nzuri. Ila naogopa.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimempelekea Mzee nyimbo kwenye flashi. Anayo redio kuukuu inayomeza flashi. Ameipokea kwa mikono miwili, akaniita mwanangu. Sijawahi kuitwa mwanangu na Mzee Nasho. Nimerudi nyumbani nikiruka madimbwi.

Saa nane nimefungua kompyuta. Nimeona nilichonakili.

Ole wangu! Sikunakili nyimbo mbili tu. Nimenakili folda yote ya kazi. Vibendera vyote. Vyekundu, vya njano na kile cheusi. Vimo mle kwenye flashi, kwa jina langu.

Nikajituliza. Redio haisomi vibendera. Redio inacheza nyimbo tu, na Mzee hana kompyuta, ana redio na mbwa. Nimekunywa raki kidogo, ile pombe yetu kali. Roho ikarudi.

Ndipo Mama akasema kwamba Evanthi, mjukuu wa Mzee, anafika kesho kutoka chuoni Tirana, mji mkuu. Nikamuuliza anasomea nini siku hizi. Mama akasema, si ndiyo hayo mambo yako ya sauti, ila yeye anasomea kweli.

Sijala chakula cha jioni.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwenda kwa Mzee na mpango. Nitasema kuna kasoro ndogo kwenye flashi, naiomba dakika tano tu. Rahisi.

Mlango umefunguliwa na Evanthi. Kimo kirefu, miwani, kompyuta kwapani! Kwetu huulizwi umefuata nini kabla ya kahawa na tini za sukari, kwa hiyo nimekaa, nimekunywa, nimekula tini tatu huku macho yangu yakitembea. Nimeiona. Flashi iko juu ya kabati, chini ya ikoni, ile picha takatifu ya Mtakatifu Nikolla, na taa ya mafuta inawaka mbele yake. Nani huweka flashi mahali pa maombi?

Nikauliza Mzee yuko wapi. Evanthi akasema yuko kitandani, na hataki kula.

Nimeingia. Sikumtambua. Amelala chali, mikono kifuani. Suti nyeusi ya kuzikiwa imetundikwa dirishani ipigwe na upepo. Visu vyake vyote amevigawa kwa majirani.

"Nimejisikia nikipelekwa, Petraq," akasema. "Jana, redioni. Nilikuwa naimba, kisha nikaanza kwenda. Nikaenda, nikaenda, mpaka sikujisikia tena."

Nilisahau! Nimezoea nyimbo za redio mpaka nimesahau mila ya nyumbani. Hapa kwetu wimbo hukatwa na wote pamoja, kwa pumzi moja. Ni wimbo mmoja tu unaoachwa uishie polepole. Ni ule wa langoni, jeneza likibebwa, waimbaji wanabaki na sauti inapungua kadiri maiti anavyokwenda. Na mimi nimemwimbia Mzee wimbo huo akiwa hai. Kwa kipanya!

Nilitaka kumwambia. Lakini wapi! Nikisema ni mimi niliyefifisha, ataniuliza kwa nini. Nikisema kwa nini, nitafuata ile akodioni.

Kisha akanimaliza kabisa. Amesema kwa kuwa wimbo uliokuja kumchukua ni ule wa Kristaq, basi Kristaq ndiye atakayemjibu, kama atafika tamashani akiwa hai. Wangu ameusikiliza nusu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ndoo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mpango mpya. Nimechukua flashi nyingine inayofanana, nimeweka nyimbo mbili tu, na ule wa Kristaq nimeurudishia mwisho wake. Nabadilisha flashi, Mzee anasikiliza upya, anasikia mkato safi, anapona. Hakuna anayejua kitu. Hata Kristaq nimemwachia nafasi. Tazama moyo wangu ulivyo mkubwa!

Nimefika. Kahawa. Tini. Evanthi akaenda kumwangalia babu yake. Nikapanda juu ya kiti, nikanyoosha mkono chini ya Mtakatifu Nikolla. Mbwa akabweka. Mkono ukagonga taa. Mafuta yakanimwagikia mkononi mpaka kwapani. Flashi zote mbili zikaanguka nyuma ya kabati.

Evanthi akanikuta kitini, nimejaa mafuta, nimeshika ikoni. Nikasema nilikuwa naomba.

Akasema vizuri, Mjomba Petraq, na uombe sana, hali ya babu si nzuri. Halafu akasema nisihangaike na flashi, alishainakili yote kwenye kompyuta yake jana jioni. Ameitupia jicho tu, hajasoma kitu. Amefurahi kuona kuna vibendera vingi, mwalimu wao husema fundi mzuri hujulikana kwa vibendera vyake. Kesho atakaa na babu yake amfungulie, labda atachangamka.

Kesho!

Nimekutana na Kristaq njiani. Huwa ananitania, ananiita fundi wa kabichi. Leo hakunitania. Ameniuliza kama Mzee atakufa, na midomo ilikuwa inamcheza. Nilimchukia zaidi kwa hilo.

Mama ameona mkono wa mafuta. Nikamwambia ninaogopa, Mama. Hakuuliza naogopa nini. Amesema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, basi wewe mwanangu utacheka sana maishani. Amesema kwa upole. Sijacheka.

Ijumaa, 10 Oktoba

Naandika haya nikiwa nimejificha katikati ya mapipa mawili. Mwandiko si mzuri.

Asubuhi nimesikia kwamba kasisi ameitwa. Nikakaa kwenye ngazi. Nikajiona kwenye mazishi, nimesimama langoni, nashikilia sauti yangu ya chini, na mimi peke yangu najua nani aliyemuua. Nimelia. Ni kweli, nimelia. Mzee Nasho ndiye aliyenifundisha kupumua kwa zamu, nikiwa na miaka tisa, baada ya baba kuondoka. Aliniwekea kiganja mgongoni nijue wakati wa kuvuta hewa. Nikavaa kofia, nikaenda kukiri.

Nimefika mlangoni mwa chumba. Kasisi yuko upande huu na chupa yake ya mafuta matakatifu, Evanthi upande ule na kompyuta mapajani. Nikafungua kinywa. Evanthi akanitangulia.

Alikuwa anamsomea babu yake vibendera. Alianza kwa furaha. "Hapa Kristaq amenoga. Mzamishe." Akaendelea kwa sauti ndogo. Mbuzi mwenye mafua. Maneno aliyosahau. Meno. Kasisi akafunga chupa yake. Mzee akafumbua jicho moja.

Evanthi akafika kwenye kile cheusi. Akanitazama. Akasoma.

"Kuanzia hapa waue wote taratibu."

Nikasikia mbwa akijikuna nje.

Mzee Nasho akaketi kitandani. Akauliza kile cheusi kiko wapi. Evanthi akasema ni palepale unapoanza kwenda, babu, mtu ameteremsha sauti kwa mkono, si lolote, naweza kuirudisha. Akairudisha. Tukasikia mkato. Pa!

"Kumbe si Mungu," akasema Mzee. "Ni Petraq."

Akashuka kitandani kwa miguu yake miwili. Akauliza visu vyake viko kwa nani.

Nimetoka kwa dirisha, nikapita na suti ya mazishi shingoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Amekuja. Nilijua nyayo zake kwenye ngazi. Nilizuia pumzi, nikabaki nyuma ya pipa kama kabichi mojawapo. Mama akamwonyesha pipa lipi. Mama yangu mzazi!

Kristaq alikuwa nyuma yake. Nikadhani amekuja kushika miguu yangu.

Mzee hakuwa na kisu. Alikuwa na kipande cha bireki, ule mkate wetu wa tabaka wenye mchicha, anakula, anakula kama mtu aliyefunga wiki. Akakaa juu ya pipa. Alichosema nimekisikia chote, maana nilikuwa futi mbili chini yake.

"Miaka sitini naimba. Hakuna aliyewahi kuniambia nimesahau maneno. Wote wanasema umenoga, mzee, umenoga. Na kweli nilisahau."

Nikathubutu kutoa kichwa. Nikaomba msamaha. Nimeomba kwa Kialbania, na kwa Kigiriki kidogo nilichonacho, ili kusiwe na shaka.

Hukumu yake ni hii. Kristaq ndiye anayejibu. Mimi nabaki na sauti yangu ya chini mpaka mmoja wetu afe, na tamashani nitasimama mbele yake, mkono wake unifikie. Kesho tunarekodi upya, wimbo ukatwe kama unavyokatwa. Nikauliza na vibendera? Akasema weka, ndiyo kazi yako, lakini Evanthi atanisomea kimoja kimoja.

Akainuka. Aliponipita akaniwekea kiganja mgongoni, palepale pa zamani. Nilijua nimesamehewa. Kisha kiganja kikanisukuma, nikaingia kwenye pipa.

Ninanuka siki. Lakini mimi ni mzima, na Mzee ni mzima. Nimejifunza. Tangu leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Tumerekodi. Nimefanya kazi safi. Kila nilipounganisha vipande nimefifisha kidogo tu, upana wa unywele, mashine isitoe mlio. Mwisho umekatwa pa! Mzee amefumba macho kwa raha.

Kuhusu vibendera nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa nini? Maneno! Mtu mwenye akili haandiki maneno. Safari hii nimeandika namba tu. Maana ya kila namba nimeiandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi, nisije nikasahau, na karatasi nimeificha mfuko wa ndani wa koti langu la kahawia, ambalo halitoki mwilini mwangu.

Evanthi akamsomea Mzee. "Nne. Nne. Moja. Tisa. Nne." Mzee akauliza tisa ni nini. Nikasema ni mahali pa kuangaliwa kwa heshima. Akaridhika.

Moja ni Kristaq amenoga. Nimemzamisha mara moja tu, na kidogo sana. Mtu hawezi kubadilika kwa siku moja.

Tulipomaliza Mzee alikuwa anatetemeka kwa baridi ya stoo. Ametoka kitandani juzi tu, maskini. Bila kuombwa, mbele ya wote, nimevua koti langu la kahawia nikamvika kwa mikono yangu. Kristaq ameduwaa. Evanthi amesema, Mjomba Petraq, nilikukosea. Mzee ameingiza mkono kifuani kutafuta joto, akasema koti zuri hili, atakaa nalo mpaka kesho.

Nimewasindikiza mpaka langoni. Nimerudi nimekula sahani mbili. Mama ananitazama tu.

Leo, kwa mara ya kwanza wiki hii, siogopi kitu.