Ombi la Kutobandua Ndege Wetu Dirishani

Kwa Mwenyekiti wa Mradi wa Karatasi Nyekundu,
Baba mdogo Reginaldi, Grant Street, Buffalo.

Shikamoo Baba mdogo,

Kwa hiyo, kama nilivyokuwa nikieleza kabla simu yangu haijaisha chaji, jibu ni hapana. Leopoldi wangu (tuna wiki tano tu za ndoa, bado nafurahi kuliandika neno "wangu") hatabandua karatasi ya ndege wawili iliyo dirishani mwetu ili uipeleke kwenye maonyesho ya mjini Columbus. Najua mradi unataka sanaa ya Kichina ya kukata karatasi iwape vijana wetu kazi nyingine zaidi ya kubeba maboksi ghalani. Mama Guo, jirani anayewafundisha hapa mtaani kwetu Iroquois, ameukubali kwa moyo wote. Lakini nina malalamiko, nayo nayaweka kwa heshima:

1. Mama Guo anasema karatasi ya harusi haibanduliwi. Hukaa mpaka ipauke na kuanguka yenyewe. Wewe unaita kazi yako kuhifadhi urithi, halafu unaagiza urithi ukwanguliwe kwa kisu cha kupakia siagi!

2. Ndege wale wawili wanaogusana midomo ni mimi na Leopoldi. Yule mnene ni yeye. Aliwakata baada ya zamu nzima, vidole vikiwa na plasta. Hakuna wengine kama hao duniani, na kitu kisicho na mwenzake hakiwezi kuwa sampuli.

3. Karatasi yenu ya mradi inasema urithi usitenganishwe na mazingira yake. Vizuri sana. Mazingira yake ni dirisha, jiko langu, na Leopoldi akinywa chai. Columbus wakiitaka, wachukue na dirisha. Wakichukua dirisha, wachukue na ukuta, nami watanikuta hapo hapo napika maharage.

4. Shangazi Bamurange wa Columbus amenitumia ujumbe kwamba ndoa changa humpunguzia mtu akili. Kamati yako ya mradi imwandikie onyo.

5. Kwa kuwa mume wangu sasa ni urithi, naomba atangazwe rasmi kuwa hahamishiki, hasa Jumamosi asipokuwa na zamu.

Msalimie Mama mdogo Mariya, wateja wote wa dukani kwako, na yule paka anayelala juu ya magunia ya unga wa muhogo.

Mimi mwanao, ambaye furaha imemshinda kuficha,
Margareta wa Leopoldi

Nyongeza: Leopoldi ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe hawakati karatasi moja moja! Hubana nane pamoja, mkasi ukapita mara moja. Jozi saba za ndege wetu alikutumia wiki iliyopita. Zimo kwenye bahasha ya kahawia chini ya kaunta yako, ambayo hujaifungua. Hii ya dirishani ndiyo iliyokuwa chini kabisa, mdomo wa yule mnene ukapinda, akaona aibu kumpa mtu mwingine. Nimelia kidogo, kisha nikawaza: nyumba saba zitakuwa na furaha yetu madirishani! Basi peleka Columbus, uza, fundisha. Ila usizigawe kwanza. Tutafika Buffalo kabla mwezi huu haujaisha, nimwone huyo Leopoldi mwenye mdomo ulionyooka.